Mama mkwe amekataa kuhama kando ya mto Nyando. Wenyeji, nieleweshweni

NyarBunyore:

Hamjambo nyote. Mimi ni mzaliwa wa Bunyore, kaunti ya Vihiga, nimeolewa Kano, kaunti ya Kisumu, chini kidogo ya Ahero. Kazi imetuweka Nakuru, mimi na mume wangu, lakini nyumbani ni Kano na watoto wanalijua hilo.

Boma la mama mkwe liko karibu sana na mto Nyando. Ukisimama mlangoni pa jikoni unaiona miti ya ukingoni, na usiku kukiwa kimya unausikia mto wenyewe. Masika yakianza, sisi huku Nakuru hatupati usingizi. Mwaka 2020 maji yaliingia jikoni na sebuleni, mama akaenda kulala shuleni pamoja na majirani. Mwaka 2024 yakaja tena, yakachukua kuku, yakaloweka mahindi ghalani. Tukasema sasa basi. Tumejinyima, tukachukua mkopo, tukanunua ploti karibu na barabara ya lami, zaidi ya kilomita moja kutoka mtoni, tukamwambia mama tutamjengea nyumba ya mawe huko.

Amekataa. Hana hasira wala hapigi kelele. Anasema tu, "Hapo mnaponipeleka maji yanalala," kisha anauliza habari za wajukuu.

Kwetu Bunyore ni vilima na mawe makubwa. Mto uko chini bondeni, nyumba ziko juu, unashuka kuteka maji unarudi. Nimeshindwa kuwaelewa watu waliojenga ubavuni mwa maji yanayowafukuza, na wakishafukuzwa wanarudi kukandika ukuta upya. Sisemi kwa dharau. Ni watu wangu sasa na wanangu ni wao. Ni kaburi la baba mkwe linalomshika mama? Ni mazoea? Au kuna kitu kwenye mto ule ambacho mimi mtu wa vilimani sikioni? Mume wangu mwenyewe aliondoka nyumbani akiwa kidato cha kwanza, akiulizwa anasema "ndivyo walivyo wazee". Mimi nataka jibu kabla sijapeleka lori la mawe.

Msafiri254:

Pole sana dada. Mimi naona hili halihitaji maelezo marefu. Sehemu zinazofurika zinajulikana miaka yote. Serikali iwatafutie watu wa Kano na wa Budalang'i ardhi kwingine, pale pabaki mashamba. Kila masika ni mahema, mablanketi na unga wa msaada, maji yakikauka kila mtu anarudi. Watoto ndio wanaoumia, shule zao zinageuzwa kambi. Mjengeeni mama huko barabarani, atazoea.

Ja-Kochogo:

Shemeji, karibu Kano, na pole kwa hasara. Mimi nimekulia ukingoni mwa Nyando na ninalima mpunga kwenye mradi wa umwagiliaji wa Ahero, shamba alilolima baba yangu. Nitajibu kirefu, kwa sababu mama mkwe wako amewaambia neno zito nanyi mmelisikia kama ukaidi wa uzee.

Watu wa vilimani hupima usalama kwa umbali. Ukikaa mbali na mto umesalimika. Kwenu ni kweli, maana mto wenu umejichimbia bonde na kukaa ndani yake. Nyando nao huko juu, Londiani na Tinderet, ndivyo ulivyo, unateremka kwa kasi ukikwangua udongo. Milima ile inapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita kama 1,134. Mteremko huo karibu wote unamalizika ukifika Muhoroni na Chemelil. Kutoka hapo kwenda Ahero na kuingia ziwani nchi imelala, mto unapoteza nguvu, na mzigo wote uliobebwa kutoka milimani unatuliwa kwetu. Hii Kano yote unayoiona ni mzigo uliotuliwa.

Sasa fuatilia jinsi unavyotuliwa. Maji yakipanda na kutoka mtoni, kasi yake hupungua pale pale ukingoni. Mchanga ni mzito, kwa hiyo unaanguka kwanza, hapo kando. Tope laini linasafiri na maji hadi mbali, linatua taratibu maji yanaposimama. Rudia jambo hilo kila mafuriko kwa mamia ya miaka, ukingo unainuka. Chukua jembe uchimbe nyuma ya jiko la mama: utakuta udongo wenye mchanga, maji yanapita, unalimika hata siku ya pili baada ya mvua. Kisha nenda kwenye ploti yenu uchimbe. Sijaiona, lakini ikiwa ni upande ninaoufikiria, utakuta udongo mweusi, ule unaoganda kwenye gambuti hadi huwezi kuinua mguu, na kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Udongo wa namna hiyo hauletwi na maji ya kupita. Huletwa na maji yanayolala.

Kwa hiyo sehemu nyingi ukingo wa Nyando ni juu kuliko uwanda ulio nyuma yake. Kwa macho huwezi kuona, tofauti yenyewe ni kimo cha goti au kiuno, lakini maji yanaiona. Yakija ukingoni yanakuja kwa fujo, yanaingia ndani, yanachukua kuku, na kesho kutwa yameshuka. Yakiteremka nyuma, kwenye udongo mweusi, hayana pa kutokea. Yanakaa wiki hadi wiki, yanageuka kijani, choo kinafurika, malaria inaingia kila nyumba. Ukiongeza barabara ya lami iliyoinuliwa juu ya tuta na kalavati ndogo mbili tatu zilizoziba taka, hiyo barabara imekuwa ukuta wa bwawa na ploti yenu ndiyo iliyo ndani ya bwawa. Tena udongo huo ukilowa unavimba na ukikauka unanywea. Nyumba ya mawe yenye msingi wa kawaida itapasuka kutoka dirishani hadi chini kabla hamjamaliza mkopo.

Nyanya yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani hakuna mtu aliyejenga kule nyuma. Boma lilikuwa ukingoni, ng'ombe wakichunga uwandani wakati wa kiangazi, na masika yakikaribia mifugo inapelekwa kwa jamaa upande wa Nyabondo hadi nchi ikauke. Mtu aliyeoa alitazamia kwamba wakwe wakiwa vilimani ni heri, kuna pa kukimbilia. Mafuriko hayakuwa jambo la kushtukiza. Mara nyingi maji yanafika kwetu jua likiwa linawaka, kwa sababu mvua imenyesha Nandi na Kericho, si hapa. Ukiona mto umebadilika rangi alasiri na unabeba mabua na magogo, unajua usiku huo utalala na viatu.

Na mto ulilisha watu. Muulize mama habari za ningu. Ni samaki wa ziwani aliyekuwa akipanda mito mvua zikianza, kwenda kutaga kwenye maji yaliyofurika. Wazee waliziba sehemu ya mto kwa kek, uzio wa fito wenye mitego, wakawavua kwa wingi hata wakawakausha. Nyavu za kutega zilipoenea ziwani, watu walizitanda kwenye midomo ya mito, samaki wakanaswa kabla ya kupanda, na katikati ya karne iliyopita ningu wakawa wameporomoka vibaya, Nyando, Sondu, Nzoia, kote. Inaniuma kwamba wanangu wanawajua kwa jina tu. Mumi na kamongo bado tunao. Kamongo anajizika kwenye tope la mfereji maji yakipungua, unamkuta wakati wa kuzoa.

Huko kuzoa mfereji ndiko kunakonifundisha zaidi kuliko kitu kingine. Mradi wa Ahero ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, maji yanavutwa kutoka Nyando kwa pampu za umeme, yanaingia mfereji mkuu kisha majaruba. Ule udongo mweusi nilioulaani hapo juu kwa nyumba ndio unaotufaa kwa mpunga, kwa kuwa haupitishi maji. Lakini pampu haichagui, inavuta maji na tope lake. Basi tunaingia mferejini na sepetu. Ukikata tope lile kipande kimoja wima ukalitazama, lina matabaka: jeusi, jekundu, jeusi jembamba, jekundu nene. Nchi yetu haina udongo mwekundu. Ule ni wa milimani, ni shamba la mtu. Nilipokuwa kijana matabaka mekundu yalikuwa kama uzi. Sasa ni unene wa kiganja changu.

Tope hilo hilo linajaza mto wenyewe. Sakafu ya mto inainuka, kwa hiyo maji ambayo zamani yangepita ndani yanapita juu. Halafu kuna ziwa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na 2024 likapita hapo. Mto ukikuta ziwa limejaa unarudishwa nyuma. Kwa hiyo kuingiliwa na maji mara mbili kwa miaka michache si kwa sababu mama alijenga vibaya. Alijenga pale palipokuwa pazuri, na mto umeinuliwa chini yake.

Kaburi la mzee nalo ni neno, usilipuuze. Kwetu mjane kuhama boma la mumewe si kama kuhama nyumba ya kupanga, kuna taratibu zake na watu wa kushauriana nao. Ila yeye hakuwatajia kaburi. Amewatajia maji, na angeweza kutumia kaburi kuwafunga midomo.

Ndugu Msafiri, uchungu wako naujua, nami nimelala kwenye hayo mahema. Lakini hiyo ardhi ya kwingine ni ya nani? Na huo mchele wa Ahero, miwa ya Miwani, Chemelil na Muhoroni, vinaota kwa sababu mto umefurika hapa tangu zamani. Hata reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 iliteremka kwa bonde hili la Nyando. Huwezi kuchukua kilicholetwa na mto ukamfukuza aliyekaa nao.

Shemeji, kabla ya lori la mawe, nenda kwenye ploti na mama mkwe wako, mwende kwa miguu. Muulize mwenye duka la karibu maji ya 2020 yalikaa siku ngapi, usimuulize yalifika wapi. Tazama kuta za zamani, zina mstari. Ukiona mafunjo au matete yameota yenyewe shimoni, umeshajibiwa.

NyarBunyore:

Mzee, asante sana. Nimesoma nikampa mume wangu simu asome, akakaa kimya muda mrefu. Tumempigia binamu yake anayefanya biashara pale barabarani. Amesema 2020 walikuwa wakivuka kwa kukanyaga matofali hadi mwisho wa Juni, na 2024 choo cha soko kilifungwa.

Hapa Nakuru nimeona jambo linalofanana kidogo. Mto Njoro unatoka msitu wa Mau, kiangazi unakauka sehemu nyingi, mtu anaweza kuudharau. Lakini ziwa letu halina pa kutokea, kila kinachoingia kinabaki, na tangu miaka ya 2010 limepanda hadi kufunika lango la zamani la hifadhi. Sikuwahi kuunganisha hayo na Kano.

Swali langu lingine: kwa nini Nyando usijengewe matuta marefu pande zote mbili kama Nzoia kule Budalang'i? Hapo si mama angekaa kwake kwa amani?

Omubunyala:

Dada, mimi ni wa Bunyala, huko huko Budalang'i, nimezaliwa nyuma ya hayo matuta. Nikueleze yalivyo.

Nzoia ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani upande wa Kenya. Unakusanya maji ya Cherang'any na ya Mlima Elgon, unapita Webuye na Mumias, halafu yote yanaletwa kwetu kwenye nchi tambarare. Matuta yalijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Watu walilima hadi chini ya tuta, wakajenga, wakazaa.

Ila mto ukiubana pande mbili, lile tope analosema mzee wa Kochogo halina tena pa kutandazwa. Linabaki ndani, sakafu inapanda, na tuta nalo linabidi lipande. Siku hizi kwetu unapanda tuta kama ngazi ili uuone mto, kisha ukigeuka unatazama mapaa ya nyumba yakiwa chini yako. Mwaka 2020 tuta lilipopasuka, maji hayakuja polepole kama zamani. Yalitoka kwa nguvu ya ule urefu wote. Na yalipokwisha kuingia, tuta lile lile likayazuia kurudi mtoni. Tuliishi kambini miezi.

Sisemi matuta yabomolewe. Leo hatuwezi kuishi bila hayo, na fundi anayeyakagua kila kiangazi anaokoa maisha ya watu. Ninachosema ni kwamba tuta lina kazi yake kila mwaka, haliishi, na mwaka utakaoruka ndio utakaokuumiza. Fuko mmoja akichimba, mtu mmoja akikata njia ya ng'ombe, panatosha.

Kingine: achieni mto mahali pa kumwaga. Kati yetu na Siaya kuna bwawa la Yala, yaani kinamasi, mafunjo hadi macho yanachoka, na ndani yake ziwa Kanyaboli. Mafunjo yale yanapunguza kasi ya maji na kushika tope kabla ya ziwa. Ngege wa asili, yule aliyetoweka Ziwa Victoria baada ya mbuta, yaani sangara, kuletwa miaka ya 1950 na 1960, Kanyaboli bado yupo. Kila nikisikia mtu anataka kukausha kipande kingine cha bwawa, nawafikiria hao samaki na nafikiria maji yataelekea wapi.

Tinderet Juu:

Salamu kwenu ndugu wa chini. Huo udongo mwekundu ni wetu. Nami nauomboleza, maana mahindi yangu yameota juu ya mfinyanzi wa manjano pale ambapo baba alivuna gunia baada ya gunia.

Tumeoana na kupigana na watu wa Kano tangu enzi za Luanda Magere, yule shujaa wa Kano, kwa hiyo tunaweza kuambiana ukweli. Huku juu watu waliongezeka, shamba likagawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na kila aliyegawiwa kipande cha chini akalima hadi mguu wake ukagusa maji. Kanuni za maji za 2007 zilitaka tuache mita 6 hadi 30 kando ya mto kulingana na upana wake. Ukiwa na nusu ekari, hizo mita ni chakula cha watoto. Nasema hivyo si kwa kutetea, ndivyo mambo yalivyo.

Halafu kuna mikaratusi. Inakua upesi, inauzwa nguzo na kuni za kukaushia chai, kwa hiyo mtu anaipanda penye maji. Chini yake hakuoti nyasi, mvua inapiga udongo mtupu. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe kando ya mito. Wengine waling'oa, wengine walikata tu, na mkaratusi ukiukata unachipuka.

Kijito kinachopita kwangu kinaingia Ainamotua, nao unaingia Nyando. Kando yake nimetoa mikaratusi, nimepanda mianzi na miti ya kienyeji, na juu yake nimechimba makingamaji na kupanda mabingobingo kwenye kila tuta. Ng'ombe wanakula mabingobingo, kwa hiyo sikupoteza ardhi, nimebadilisha zao. Mvua kubwa ikinyesha maji yanayotoka kwangu ni ya rangi ya chai ya maziwa. Ya jirani ni mekundu kabisa. Yanakutana chini ya daraja na unaona mstari katikati.

Bwawa la Koru-Soin, lile la kuzuia maji ya Nyando, likikamilika litawapunguzia makali. Lakini bwawa nalo linajaa tope. Tulio juu tusipofanya kazi, mtakuwa mmejenga chombo cha kuhifadhia udongo wetu. Ningependa siku moja vyama vya watumiaji maji vya juu na vya chini vikae meza moja, mkulima wa mpunga aone shamba langu nami nione mfereji wake. Mzee wa Kochogo, uko tayari?

Ja-Kochogo:

Niko tayari hata kesho. Nakutumia ujumbe faraghani. Nitakuja na kipande cha hilo tope.

MzeeKasipul:

Wanangu, mmezungumza mafuriko, niongeze moja ambalo vijana hawalijui. Kuna mito iliyowafukuza watu bila kufurika hata tone.

Upande wetu wa Kasipul kuna bonde la Kodera. Mto mzuri, wenye kivuli, maji ya kasi juu ya mawe. Babu yangu alikuwa kipofu, na hakuwa peke yake, wanaume wa umri wake walikuwa wakiongozwa kwa fimbo na watoto. Ilikuwa usubi. Ni nzi mdogo mweusi anayeuma mchana karibu na maji, anapitisha vijidudu vya minyoo mwilini, vikifika machoni vinaua nuru. Watu waliona kwamba walio karibu na mto wanapofuka, wakapanda juu, bonde lote lenye rutuba likabaki pori.

Lililokuwa gumu kwa wataalamu ni kuwapata viluwiluwi vya nzi yule. Kumbe wa kwetu wanaishi wakiwa wameng'ang'ania magamba ya kaa wa mtoni. Ukiokota jiwe huoni kitu, ukimkamata kaa unawaona mgongoni. Miaka ya 1940 na 1950 vichaka vilifyekwa na dawa ya DDT ikatiwa mitoni, nzi wakaisha, na usubi ukaondoka Kenya. Leo dawa ile tusingeikubali mtoni, na naona ni sawa tuikatae, lakini sitasahau kwamba mimi nimezeeka nikiwa naona.

Ndipo watu wakateremka tena kulima Kodera. Kwa hiyo, mama wa Bunyore, ukiona nyumba za watu zimekaa juu au chini, jua kuna aliyelipia kujua hivyo. Huyo mama mkwe ana elimu aliyoachiwa na watu ambao hakuwakuta.

NyarBunyore:

Asanteni nyote kwa moyo mliouweka hapa. Mume wangu amempigia mama jana jioni, wameongea kuhusu udongo na maji saa nzima. Sijawahi kumsikia akimsikiliza hivyo.

Ploti tutaiacha, labda tuikodishe kwa mtu wa mpunga. Mzee wa Kochogo, nisaidie jambo la mwisho: tukijenga pale pale kwa mama, tujenge vipi?

Ja-Kochogo:

Kwanza niambie boma liko upande gani wa kona ya mto. Nyando unapinda sana kule chini. Upande wa nje wa kona mto unakula ukingo, kila masika unamega, na huko simshauri mtu kuweka hata choo, awe na kaburi au asiwe nalo. Upande wa ndani mto unajenga.

NyarBunyore:

Ni upande wa ndani. Mbele kuna ufuo wa mchanga, watu wanafulia hapo. Ng'ambo ndiko kuna ukuta wa udongo na miti imeinama.

Ja-Kochogo:

Basi jengeni kwake. Msisogelee ufuo, huo ni chini. Nyuma yake kuna mahali ardhi inainuka kidogo kabla ya kuanza kushuka tena upande wa lami, mama atawaonyesha bila kupimiwa, na huenda ndipo nyumba yake ya kwanza ilipokuwa. Jazeni changarawe hapo, mwinue sakafu ipite mstari wa maji ya 2024 kwa mkono mzima. Kazi hiyo ifanywe Januari, masika yaishindilie, ukuta uanze baada ya hapo. Mlango uelekee mto na mwingine nyuma, ili maji yakija yapite. Ghala liwe juu ya miguu, banda la kuku pia. Choo msichimbe shimo, inueni juu ya tangi.

Kando ya mto pandeni mianzi na mafunjo, na yule ndugu wa Tinderet amekubali kunipa miche, nitakuwekea yako. Mawe ya lile lori yanatosha kwa ngazi na kuzungushia tuta la msingi. Ukuta wenyewe fundi wa hapa atajenga kwa matofali, nami namjua mzuri, alijenga kwangu na 2024 maji yalipita chini yake.